Mama Kumbe na Alhamisi za Sinema za Kivuli

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika maktaba yetu, Mama Kumbe anastaafu mwishoni mwa mwezi huu. Kamati ya jarida imeniomba niandike wasifu wake kwa sababu, kama walivyosema, hakuna mfanyakazi aliyekaa naye karibu kuliko mimi. Ni kweli, ila kati yetu palikuwa na ukuta wenye kidirisha cha kioo. Mimi ni fundi wa mashine ya sinema. Yeye alikaa ukumbini na maikrofoni yake, mimi nikakaa juu nyuma na mashine yangu, na kwa miaka yote hiyo tulizungumza kwa ishara za mikono, nyingi zikiwa zake za kuniambia nipunguze sauti.

Jina lake kamili limo kwenye faili la utumishi na likae humohumo. Jengo zima linamwita Mama Kumbe, kwa sababu siri inapofichuka kwenye sinema, yeye, ambaye ameshaiona sinema hiyo mara chungu nzima, hushtuka na kusema "Kumbe!" kana kwamba ndiyo kwanza anaambiwa. Wapo waliodhani anaigiza. Mimi niliyemtazama kisogo miaka yote hiyo nasema haigizi. Anashtuka kweli.

Kwa mliojiunga nasi juzijuzi, kazi yake ni kuwasimulia wasioona kinachopita kwenye skrini. Kila Alhamisi mchana katika ukumbi wa chini tunaonyesha sinema za zamani, zile zisizo na rangi: mvua isiyokatika, makoti marefu, kofia zilizoinamishwa hadi kwenye nyusi, moshi wa sigara, mpelelezi aliyechoka na maisha, na mwanamke mrembo ambaye akiingia tu mlangoni unajua leo kuna mtu atazikwa. Wataalamu wana jina lao la kigeni. Sisi tunaziita sinema za kivuli, maana nusu ya kila picha ni kivuli. Watu wake wanaongea lugha za kwao huko, kwa hiyo Mama Kumbe ana kazi mbili kwa mkupuo mmoja: yanayosemwa anayatafsiri, yasiyosemwa anayaeleza.

Sasa niseme wazi kilichotunyima raha miezi hii. Mama Kumbe hastaafu kwa sababu umri umefika, hapana. Anastaafu kwa sababu koo limegoma. Daktari ameona vinundu kwenye nyuzi za sauti na amemwambia achague: apumzike sasa abaki na sauti ya kuongea na wajukuu, au aendelee abaki bubu. Na Mkutubi Mkuu, ambaye simlaumu, alitangaza kwenye kikao cha wafanyakazi kwamba asipopatikana mtu wa kushika maikrofoni kabla ya onyesho la mwisho la Mama Kumbe, Alhamisi za wasioona zitafungwa. Yaliyofuata nitayaeleza kwa mpangilio. Huyu mama amenipiga marufuku kutaja muuaji kabla ya wakati.

Alianza kazi hapa akiwa binti mbichi, kwa cheo cha msomaji wa chumba cha wasioona, ghorofa ya kwanza. Aliwasomea magazeti yote, pamoja na matangazo ya vifo na ya nafasi za kazi. Aliwasomea riwaya. Aliwasomea hata barua za mawifi, zile zenye pilipili, na akazisoma bila kupunguza ukali wala kuongeza chumvi. Sauti yake wakati ule ilikuwa nene kidogo, tulivu, sauti ya mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Wapo waliokuja kusikiliza taarifa ya hali ya hewa mara mbili.

Ubaya, au uzuri, ni kwamba chumba kile kilikuwa moja kwa moja juu ya ukumbi wa sinema, na sakafu yetu ni ya mbao. Alhamisi mchana, wakati anasoma, kutoka chini zilipanda sauti: viatu kwenye lami, breki, honi ya treni, kioo kikivunjika. Siku moja Mwalimu, yule mwalimu wetu wa muziki ambaye hajawahi kuona tangu azaliwe, alimkatiza katikati ya sentensi. "Hebu ngoja, dada. Nani huyo anapanda ngazi huko chini? Mguu mmoja unaburuta." Basi riwaya ikafia hapo. Chumba kizima kilitaka kujua habari za mguu.

Mama Kumbe akashuka mbio, akapiga chabo mlangoni, akapanda tena kutoa taarifa kwamba ni mzee mwenye fimbo, anaingia hotelini. Kabla hajamaliza, risasi mbili zikalia chini ya sakafu. Akashuka tena. Akapanda. Kila alipofika juu na habari, habari yenyewe imeshachacha, na huko chini kunapigwa kelele nyingine. Alikwenda na kurudi mpaka magoti yakasema basi. Alhamisi iliyofuata hakujisumbua. Aliwapanga mstari, kila mmoja na mkono begani mwa mwenzake, akawashusha wote ukumbini, na wakakataa katakata kukaa nyuma. Walitaka safu ya mbele kama watu wengine.

Mwanzoni alinong'ona, maana maikrofoni haikuwepo. Wenye macho walinuna. Kulikuwa na jamaa mmoja wa safu ya nyuma, fundi saa, aliyekuwa analalamika kila wiki kwamba amekuja kutazama sinema, si kusimuliwa. Alihama kiti aende mbali na ile sauti. Baada ya muda nikaona kupitia kidirisha changu kwamba anahama tena, ila sasa anasogea mbele. Alipofika safu ya pili nikamuuliza kulikoni. Akaniambia, huku anatazama viatu vyake, kwamba ile sinema ya hoteli ameitazama mara tatu na hakuwahi kugundua kuwa saa ya ukutani imesimama mpaka yule mama aliposema. Yeye, fundi saa! Tangu siku hiyo hakuna aliyenuna, na Mkutubi Mkuu wa wakati ule akanunua maikrofoni.

Msidhani alianza akiwa bingwa. Katika sinema hizi kila mwanaume ana koti refu na kofia, na kofia zenyewe zinafanana. Wiki za mwanzo alichanganya watu vibaya. Siku moja alitangaza kwa huzuni kubwa kwamba mpelelezi ameuawa, yule tuliyempenda wote. Ukumbi ukaingiwa na msiba. Mama mmoja akatoa leso. Mara Mwalimu akainua kidole: "Samahani, dada, huyu marehemu mbona anaomba kiberiti?" Kumbe aliyekufa alikuwa mwingine, mwenye kofia yake. Watu walicheka mpaka nikasimamisha mashine.

Hapo ndipo walipoanza kufundishana. Wao walimwambia nani ni nani kwa sauti, kwa kikohozi, kwa namna mtu anavyoweka glasi mezani. Yeye akawapa nyuso, mikono na vivuli. Mwalimu alikuwa anaweza kumtambua mwongo kwa pumzi yake, lakini hakujua kwamba mwongo huyo huwa anajishika tai. Sasa anajua, na ameniuliza kama mimi navaa tai. Sivai.

Halafu kuna kisa cha gauni. Kati ya wasikilizaji wake yupo mama mshonaji aliyepoteza macho ukubwani, mtu mwenye ulimi mwepesi na kumbukumbu ya kila kitambaa alichowahi kukikata. Katika ile sinema tunayoiita Ya Mwimbaji, Mama Kumbe alisema yule dada ameshuka jukwaani na gauni jeusi. Mshonaji akaja juu. Jeusi la kitambaa gani, satini au krepu? Linang'aa au linameza mwanga? Mama Kumbe akasema linang'aa. Linabana kiunoni? Linabana. Mkono mrefu? Hadi kwenye kiwiko. "Basi hilo si jeusi," mshonaji akakata shauri, "hilo ni la kijani. Hakuna fundi mwenye akili atakayeshona hivyo kwa jeusi." Tukamwambia sinema haina rangi. Akasema sinema haina, gauni linayo. Mabishano yalimaliza chai ya mapumziko na yakaendelea Alhamisi mbili. Mwisho Mama Kumbe alisalimu amri, na tangu hapo gauni hilo hutangazwa kuwa la kijani. Niamini au usiniamini, siku hizi hata mimi nikiliona kwenye skrini naliona kijani.

Kazi ile ina ufundi wake, na nimeutazama kwa muda wa kutosha kuuheshimu. Hakuwahi kusema "huyu mwanamke ni mwongo." Alisema, "anavua glavu, kidole kimoja kimoja, haangalii mtu," kisha akanyamaza akawaacha watu wafikie wenyewe. Alisubiri nafasi kati ya maneno mawili, akaiingia bila kugusa kingo. Mvua ikinyesha hakuirudia, maana mvua wanaisikia. Lakini taa ya barabarani ikizimika ghafla, hiyo hawaisikii, na hiyo aliisema.

Wafanyakazi wapya huuliza waanze na sinema ipi. Mama Kumbe ana majibu yake, nami nayaandika hapa kwa ruhusa yake ili asisumbuliwe koo. Anza, anasema, na Ya Kinyozi. Ni fupi, watu wachache, chumba kimoja cha kinyozi kwenye stesheni ya treni. Mteja amelala kitini, uso umefunikwa taulo la moto, na kinyozi anaona kovu nyuma ya sikio. Ni kovu la mtu ambaye mji mzima ulimzika, na kaka yake kinyozi yuko jela kwa kumuua. Wembe uko mkononi. Kuanzia hapo hutanyanyuka kitini, na ukifumba macho ni tamu zaidi, kwa vile wembe unaponolewa kwenye mkanda wa ngozi unausikia mgongoni kwako.

Ukishazoea, ingia Ya Dobi. Mwanamke anayefua mashati ya jaji mwenye heshima zake anaanza kuona doa lilelile kwenye kola, kila mwanzo wa wiki, na haambii mtu. Hiyo ndiyo kipenzi cha mshonaji wetu, ambaye anadai kwamba jaji angenyongwa mapema sana kama dobi angempelekea yeye lile shati. Usianze kamwe na Ya Mnara. Ni nzuri, lakini inaanzia mwisho inarudi nyuma, na fundi saa alipoiona mara ya kwanza alikaa na Mama Kumbe akitaka maelezo mpaka mlinzi akaja na funguo. Ya Pazia iweke mwisho kabisa. Mama Kumbe anaiita sinema ya watu wazima, si kwa sababu ya mambo ya chumbani, bali kwa sababu inamtaka mtazamaji aliyewahi kupenda mtu aliyekosea.

Wengine wamewahi kumuuliza mtu mchangamfu kama yeye anapata nini kwenye hadithi za watu wanaouana na kusalitiana. Jibu lake nimelisikia mara nyingi. Anasema katika sinema hizo karibu kila mtu ana dakika moja ambayo angeweza kufanya vizuri. Wengi wanaipoteza, ndiyo maana mvua inanyesha. Lakini dakika ilikuwepo, na yeye hukaa pale kitini akingoja kwamba labda leo wataitumia.

Nyumbani kwake kazi hii imeleta kero zake. Marehemu mumewe, aliyekuwa dereva wa lori, alikuwa anasema yeye ndiye mwanaume pekee anayesimuliwa televisheni huku anaiona. Wajukuu humwomba anyamaze kwenye katuni. Na kwenye harusi ya mhasibu wetu tulimfuma akimnong'onezea jirani yake, mwenye macho mazima, kwamba bwana harusi anatazama mlango wa kutokea. Alikuwa kweli anautazama, lakini ilibidi kusemwa?

Sauti ilianza kukwaruza mwaka juzi. Sisi tulidhani mafua. Yeye alikunywa maji ya moto na kunipungia mkono kwamba hakuna kitu. Binti yake, ambaye ni muuguzi na hana mchezo, ndiye aliyempeleka kwa daktari, na alipotoka huko alimwambia mbele yetu sote: "Mama, hiyo sauti si mali ya maktaba. Ni yako, na ni moja."

Tulitafuta mrithi, jamani, tulitafuta. Dada wa mapokezi alijaribu, sauti nzuri kabisa, lakini alikuwa na huruma mno. Mtu akiingia tu anasema, "huyu maskini atakufa." Watu walimwomba aache. Mhasibu alijaribu akaeleza kila kitu, vitasa vya milango, idadi ya vifungo, mpaka maneno ya wahusika yakakosa pa kupita. Kijana wa kompyuta alijaribu akasahau kuongea. Alikaa na maikrofoni mdomoni, amekodoa macho, sinema imemteka mzimamzima, na safu ya mbele yote inauliza, "Kuna nini? Kuna nini?" Mimi hakuna aliyeniuliza, nami nilishukuru. Nilichagua chumba cha mashine tangu ujana kwa sababu kina mlango na mlango unafungika. Nikiongea mbele ya watu natoka kijasho chembamba, hata kwenye kikao huwa nanyoosha mkono kukubali ili nisiulizwe.

Basi onyesho la mwisho likafika, Alhamisi iliyopita, na hakuna mrithi. Mama Kumbe mwenyewe alichagua Ya Pazia. Ukumbi ulijaa. Wafanyakazi walisimama kando ya ukuta. Mkutubi Mkuu alikaa katikati, mikono magotini, na niliona kwamba hana furaha na uamuzi wake. Binti yake Mama Kumbe alikaa nyuma ya kiti cha mama yake na chupa ya maji ya moto. Mwalimu alivaa koti. Mshonaji alikuwa analia kabla taa hazijazimwa, na alimwambia kila aliyemshika mkono kwamba ni vumbi.

Kwa wasioijua: katika Ya Pazia, mume ametoroka jela, na polisi wamejificha kwenye nyumba aliyopanga wakimsubiri. Mke ndiye aliyewaita. Amechoka na uongo wa mume, na polisi wamempa kazi moja tu. Akimwona anaingia uwanjani, avute pazia la dirisha la juu. Pazia likivutwa, wanatoka na bunduki.

Mama Kumbe alianza vizuri. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwepo. Kabla sinema haijafika nusu, ikakatika. Si kwamba ilififia, ilikatika. Aliinua maikrofoni, akafungua mdomo, pakatoka hewa tupu. Akajaribu tena. Kwenye skrini polisi na mke walikuwa wanazungumza kwa lugha yao, na hakuna aliyekuwa anatafsiri. Binti yake akamwekea mkono begani. Mimi nilikuwa tayari na kidole kwenye kitufe, nizime, niwashe taa, tumalize kwa aibu.

"Polisi anasema, ukimwona tu, vuta pazia. Hilo tu," ilisema sauti kutoka safu ya mbele. Alikuwa Mwalimu, hata hakusimama. Kabla hajafunga mdomo mshonaji akadakia sehemu ya mke: "Na nikiona si yeye?" Kidole changu kikatoka kwenye kitufe. Walikuwa wameisikia sinema ile kwa sauti ya Mama Kumbe miaka na miaka, na waliijua neno kwa neno. Kila kiatu kilichogonga sakafu kiliwaambia wamefika wapi. Mwalimu akawa polisi, mshonaji akawa mke, na fundi saa kutoka safu ya pili akajipa cheo cha mwenye nyumba, ingawa palizuka ugomvi kidogo, kwa sababu mzee mwingine naye alikuwa anamtaka mwenye nyumba. Wakawa wenye nyumba wawili, mmoja nyuma ya mwingine. Ukumbi ulicheka, Mama Kumbe alicheka bila sauti huku machozi yanamtiririka, na hakuyafuta.

Lakini mimi nilijua kinachokuja. Mke anapanda juu dirishani. Dirisha limefungwa. Mwenye kuitengeneza sinema ile aliondoa sauti zote hapo: hakuna muziki, hakuna mvua, hakuna hatua. Ni kimya kitupu, zaidi ya dakika nzima, na kila kitu kinaamuliwa humo. Safu ya mbele walijua kitakachotokea, ila hawakuwa na njia ya kujua kinatokea sasa hivi au bado.

Kimya kikaingia. Mwalimu akafungua mdomo akaufunga. Mshonaji akageuza kichwa huku na huko akitafuta chochote cha kushika. Mama Kumbe akasimama, akajaribu kwa nguvu zote, mishipa ikamtoka shingoni, hakuna kitu. Binti yake akamvuta mkono akae. Hakukaa. Aligeuka akatazama juu kwenye kidirisha changu. Hakunipa ishara yoyote. Alinitazama tu.

Sijui nilikifunguaje kile kidirisha cha kioo. Hakikuwa kimefunguliwa kwa miaka, kililia vibaya, na vichwa vyote vikageuka. Nikasikia mtu anasema, "Ameshika pazia." Nilikuwa mimi. Sauti yangu ni ya kukwaruza na haijafundishwa adabu, lakini ilifika. "Amelishika kwa mkono wa kulia. Mume ameingia uwanjani. Ana mwavuli, uso hauonekani. Anatembea kama mtu anayerudi kazini. Mke hajavuta." Nikasogeza kichwa nje ya kidirisha. "Bado hajavuta. Mume amesimama katikati ya uwanja. Ameinua mwavuli. Anatazama dirishani, ana koti la, la kitambaa sijui gani..."

"Koti baadaye, baba, endelea!" alipiga kelele mshonaji.

"Wanatazamana. Amemwona. Mke amelikunja pazia kiganjani. Mume hakimbii. Anatikisa kichwa, kidogo sana, kama anamwambia fanya tu, mama, nimekuelewa." Sinema hiyo nimeionyesha mara nyingi kuliko nilivyokula sikukuu, na sikuwahi kuuona ule mtikiso wa kichwa mpaka nilipolazimika kuusema. "Ameachia," nikasema. "Ameachia pazia. Hakuvuta. Ametoka dirishani."

Na hapo sauti ikarudi: viatu vya kisigino kirefu, ngazi hadi ngazi, mbio. Ukumbi ulishusha pumzi kwa pamoja. "Anashuka kwa mumewe," alisema Mwalimu kwa sauti ya chini, na wakaendelea wenyewe hadi mwisho, polisi, mke na wenye nyumba wawili. Nilipopata nguvu ya kutazama chini, Mama Kumbe alikuwa ameketi. Maikrofoni ameiweka mapajani, ameegemeza kichwa kwenye kiti, na alikuwa amefumba macho.

Baada ya taa kuwashwa, Mkutubi Mkuu alipanda ngazi ya chumba cha mashine, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alisimama mlangoni akihema. Aliniuliza kama koo langu lina tatizo lolote. Nikasema halina. Akasema Alhamisi ijayo saa nane basi, na hao wa safu ya mbele wapewe maikrofoni zao, sinema za zamani waziendeshe wenyewe, mpya niwaeleze mimi. Nilinyoosha mkono kukubali, kwa mazoea. Kijasho kilinitoka, lakini nimekubali, na imeandikwa hapa mbele yenu wote, sina pa kukimbilia.

Mama Kumbe, kwa niaba ya wafanyakazi wote, wa juu na wa chini, na kwa niaba ya safu nzima ya mbele, asante. Asante kwa kila uso uliowapa watu ambao hawakuwahi kuuona, na kwa sisi wenye macho uliotuonyesha tulichokuwa tunakitazama. Tunakuombea siku ndefu, wajukuu watakaokuvumilia kwenye katuni, na koo lipone taratibu. Mshonaji anakushonea gauni la kupumzikia, na rangi ameshaamua mwenyewe. Mwalimu anaomba usipotee.

Daktari amekukataza kusema, dada yangu, hakukukataza kusikiliza. Alhamisi njoo, kaa popote unapopenda, fumba macho. Kilichopo kwenye skrini tutakuambia.